Kampuni ndogo zinalipwa na jeshi la Marekani zifanye utafiti, mbona vifaa vingi haviwafikii askari?

#1 FundiMitambo (mleta mada)
Wakuu, salama? Leo naleta jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu.

Marekani kuna mpango unaitwa SBIR. Kila idara ya serikali yenye bajeti inayozidi dola milioni 100 ya utafiti unaofanywa na watu wa nje ya idara inalazimika kisheria kutenga asilimia 3.2 ya bajeti hiyo kwa kampuni ndogo. Idara 11 zimo ndani, jumla inazidi dola bilioni 4 kwa mwaka, na Wizara ya Ulinzi peke yake inabeba karibu nusu.

Nimefanya kazi miaka sita kwenye kampuni ya watu tisa iliyokuwa inaishi kwa fedha hizo. Tulitengeneza kihisi cha kusikiliza mtetemo wa gia za helikopta, kinachotoa onyo kabla beringi haijavunjika. Awamu ya I tukashinda. Awamu ya II tukashinda. Kifaa kilifanya kazi mbele ya wahandisi wa tawi moja la jeshi, wakatupongeza kwa dhati, wakaondoka. Hadi leo hakuna helikopta inayoruka nacho. Kiko kabatini.

Swali langu: serikali imelipa, kifaa kimefaulu, hitaji lipo. Kinakwama wapi? Naomba majibu ya watu waliogusa haya mambo kwa mikono yao.

#2 Mtulivu_77
Mada nzito. Nimekaa mbele kabisa.

#3 KalamuNyekundu
Mleta mada, pole na asante. Kwanza tuweke msingi kwa wasioujua mpango huu.

Awamu ya I ni kuthibitisha kwamba wazo linawezekana. Awamu ya II ni kulijenga mpaka lipatikane kitu cha kushikika. Awamu ya III ni kuuza, ama kwa jeshi ama sokoni, na hapo fedha za SBIR hazihusiki tena. Mnunuzi atoe kwenye mfuko mwingine.

Watu wengi hawaisomi hiyo sentensi ya mwisho. Wanadhani Awamu ya III ni malipo ya tatu ya mpango uleule. Sivyo. Ni kama umelipiwa ada ya shule miaka yote, kisha siku ya mahafali unaambiwa ajira ujitafutie.

#4 SimbaMkia
Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, ni wajanja sana. Huu mpango waliubuni wenyewe ili wachukue akili za kampuni ndogo kwa bei rahisi. Hata intaneti ilizaliwa humo humo. Kifaa chenu watakuwa wameshakinakili zamani.

#5 KalamuNyekundu
SimbaMkia, mambo matatu hapo hayako sawa.

Moja, mpango haukuanzia Pentagon. Ulianzia kwenye taasisi ya taifa ya sayansi, NSF, mwaka 1977, kwa jitihada za Roland Tibbetts. Alikuwa anaona kampuni ndogo zina mawazo mazuri, lakini fedha za utafiti zinaishia vyuo vikuu na kwa wakubwa. Bunge likaugeuza sheria mwaka 1982 na Rais Reagan akaisaini Julai mwaka huo. Idara kubwa, na za ulinzi zikiwamo, zilivutwa ndani na sheria.

Mbili, mtandao wa ARPANET, uliozaa intaneti, ulianza 1969, miaka 13 kabla ya sheria hiyo.

Tatu, kunakili. Tangu kanuni za mwaka 2019, data zinazozalishwa chini ya mkataba wa SBIR zinalindwa kwa miaka 20 kuanzia siku mkataba ulipotolewa. Serikali inaweza kuzitumia kwa shughuli zake yenyewe, ila haiwezi kumkabidhi mshindani wako atengeneze kitu chako.

#6 SimbaMkia
Nimekuelewa kwenye 1 na 2. Kwenye 3 bado nina shaka, karatasi ni karatasi.

#7 BaharianMstaafu
Wadau, nilihudumu kwenye meli za kivita kama fundi wa umeme. Nataka kueleza upande wa mtumiaji maana hapa wote mnaongea kama wauzaji.

Tuliletewa kifaa cha kampuni ndogo tukijaribu. Kilikuwa cha kugundua unyevu ndani ya nyaya kabla haujaleta hitilafu. Nasema ukweli, kilikuwa kizuri kuliko tulichokuwa nacho. Tulikipenda. Baada ya miezi minne kikaharibika kipande kimoja kidogo cha plastiki, pale waya unapoingilia.

Sasa nikaagize wapi? Kwenye ugavi wa jeshi kila kipuri kina namba yake ya tarakimu 13. Kile hakikuwa na namba. Hakikuwa na kitabu cha matengenezo kilichoidhinishwa. Hakuna aliyefundishwa kukitengeneza. Nikampigia simu mwenye kampuni, akanitumia kipuri kwa posta kwa fedha yake mwenyewe, mtu mwema kabisa. Lakini mkuu wangu akauliza swali moja tu: "Huyu bwana akifunga duka kesho, sisi tutafanyaje?" Tukakirudisha kwenye boksi.

FundiMitambo, kihisi chenu kilikuwa na namba ya ugavi? Kilikuwa na mafunzo kwa mafundi? Kama hakikuwa navyo, basi kwetu sisi kile kilikuwa bado ni maonyesho.

#8 FundiMitambo
BaharianMstaafu, umenigusa penyewe. Hatukuwa navyo. Fedha za Awamu ya II ziliishia kwenye uhandisi na majaribio. Kuandaa vitabu na vipuri hakukuwamo kwenye mkataba, na mimi binafsi sikuwahi kukuwaza.

#9 Bi_Hesabu
Hamjambo humu. Nimekuwa mhasibu wa kampuni za namna hii, na naona mnazunguka mbali. Jibu liko kwenye aina ya fedha.

Bajeti ya ulinzi ya Marekani haiko kwenye chungu kimoja. Kuna kasma ya utafiti na maendeleo, kuna ya manunuzi, kuna ya uendeshaji na matengenezo. Ofisa mwenye fedha za utafiti hana ruhusa ya kununua vifaa 400 vya kufunga kwenye helikopta, hata kama anakupenda vipi. Na mwenye fedha za manunuzi alishazipangia kazi miaka miwili nyuma, kwa sababu ndivyo mzunguko wa bajeti yao unavyokwenda. Kwa hiyo kampuni inamaliza Awamu ya II mwezi wa tatu, inasikia "kifaa kizuri, tutakiombea fedha", na hata ombi likipita, fedha zinakuja baada ya miaka miwili. Kampuni ya watu tisa inalipaje mishahara miaka miwili?

Ongeza na hili: mwaka wao wa fedha unaanza Oktoba 1. Bunge likichelewa kupitisha bajeti, na huchelewa mara nyingi, serikali inakwenda kwa bajeti ya muda. Chini ya bajeti ya muda hakuna kuanzisha mradi mpya. Mradi wako mpya unasubiri.

Pengo hilo kati ya Awamu ya II na manunuzi wenyewe wanaliita bonde la mauti. Nimeona wahandisi wazuri sana wakipotea humo, wanaacha kazi na kwenda kampuni kubwa wakalee familia zao. Inaniuma hadi leo.

#10 Mtulivu_77
Bi_Hesabu, hapo umeshusha nondo. Asante.

#11 Tochi_ya_Usiku
Naheshimu #7 na #9, ila mnawapa kampuni huruma kupita kiasi. Kuna kampuni ambazo hazitaki kuuza chochote. Kazi yao ni kuandika maandiko ya kuombea fedha. Zinashinda Awamu ya I kumi, za II nne, mwakani tena hivyo hivyo, miaka ishirini. Wakosoaji wanaziita vinu vya SBIR. Zina waandishi wa maandiko waliobobea kuliko wahandisi wao. Ofisa anayesoma andiko anaona lugha safi, uzoefu mrefu, hatari ndogo. Anawapa. Kijana mwenye wazo jipya na andiko bovu anakosa.

Bunge lenyewe limeliona hili. Sheria ya Septemba 2022 iliongeza masharti kwa walioshinda mara nyingi: mwenye zaidi ya mikataba 50 ya Awamu ya I ndani ya miaka mitano anatakiwa angalau nusu yake ifike Awamu ya II. Seneta Joni Ernst akaja na pendekezo la kuweka kikomo cha dola milioni 75 kwa kampuni kwa maisha yake yote. Kama tatizo lisingekuwepo, wasingehangaika hivyo.

#12 Mzee_wa_Maabara
Tochi_ya_Usiku, nimefanya kazi kwenye moja ya hizo unazoita vinu, miaka 14. Naomba unisikilize.

Jeshi lina matatizo ambayo soko lake ni dogo kiasi kwamba hakuna mwekezaji atakayeyagusa. Mipako ya kuzuia joto kwenye sehemu moja ya injini moja. Lenzi zinazostahimili mchanga. Utauza mia mbili tu, basi. Nani atajenga kampuni ya mabilioni kwa lenzi mia mbili? Sisi tulikuwa tunayatatua hayo. Tulikuwa na wanakemia na wanafizikia waliokaa na tatizo moja miaka kumi. Ripoti zetu zilisomwa na wahandisi wa serikali na zikawazuia kununua vitu visivyofaa. Ripoti inayosema "njia hii haiwezekani" ina thamani, ila haitaonekana kwenye hesabu ya mauzo.

Ukiwapima watafiti kwa mauzo peke yake utabaki na wauzaji.

#13 Tochi_ya_Usiku
Mzee_wa_Maabara, hoja ya lenzi naikubali. Ila mkuu umeandika vizuri mno, nimejikuta nataka kukupa Awamu ya II hapa hapa. Ndicho ninachosema!

#14 Mzee_wa_Maabara
Haha, miaka 14 ya maandiko haiendi bure.

#15 DadaTakwimu
Kuna utafiti unaogusa ubishi wenu moja kwa moja. Sabrina Howell na wenzake walichunguza SBIR ya Jeshi la Anga. Jeshi hilo lilikuwa na njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kawaida: ofisi inaandika mada finyu, mathalani "tunataka antena ya aina hii kwa masafa haya", nawe unajibu. Ya pili, iliyoanza 2018, ilikuwa mada huria: njoo na ulichonacho, tushawishi kwamba kitatufaa. Ya huria ilikuwa na fedha kidogo zaidi kwenye Awamu ya I, kama dola 50,000.

Wakalinganisha kampuni zilizoshinda kwa alama chache na zilizoshindwa kwa alama chache, ili wasilinganishe wenye nguvu na wanyonge. Kwenye mada huria, kushinda kuliongeza uwezekano wa kupata wawekezaji wa kampuni changa, na pia wa kupata mikataba ya ulinzi nje ya SBIR. Kwenye mada finyu, athari hizo hazikuonekana. Kilichoongezeka ni uwezekano wa kushinda SBIR nyingine.

Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuwa uko kwenye swali lenyewe linaloulizwa. Ukiandika mada finyu, atakayejibu ni yule anayejua kujibu mada finyu. FundiMitambo, yenu ilikuwa ya aina gani?

#16 FundiMitambo
Finyu sana. Mada ilitaja hata ukubwa wa beringi.

#17 NjiaPanda
DadaTakwimu, nimepita njia hiyo huria na siyo peponi. Wakati ule Jeshi la Anga lilifanya siku ya mashindano New York, Machi 2019, kampuni 51 zikasaini mikataba na kulipwa kwa kadi ya malipo ya serikali, pale pale. Kwa waliozoea kusubiri miezi, ulikuwa muujiza. Mimi sikuwa mmoja wao, nilikuja baadaye.

Ili uingie Awamu ya II unatakiwa uje na barua iliyosainiwa na mtumiaji wa kijeshi akisema anakihitaji kitu chako. Nilitumia wiki saba kutafuta hiyo barua, nikaandika barua pepe zaidi ya mia. Nikampata kanali mmoja, mtu muungwana, akasaini. Nikashinda. Tulipomaliza kazi nikarudi kwake. Alikuwa ameshahamishwa kituo. Aliyempokea kiti hakuwahi kusikia jina langu, na kanali mwenyewe hakuwa na kasma yoyote tangu mwanzo. Alikuwa na saini tu.

Kwangu mimi jibu ni kuhamahama kwa maofisa. Mtu anakaa miaka miwili au mitatu anaondoka. Teknolojia inachukua sita. Kila kitu kinasimama juu ya urafiki na mtu ambaye hatakuwepo.

#18 Bi_Hesabu
NjiaPanda, na hilo la kasma umelithibitisha kwa kinywa chako. Saini bila kasma haijengi kitu.

#19 NjiaPanda
Nakubali nusu. Kasma huombwa na mtu. Mtu akiondoka, ombi linakufa naye.

#20 Kijana_wa_Chuo
Naomba kuuliza. Nasikia ukishinda tu unapewa dola milioni mbili. Kweli?

#21 KalamuNyekundu
Si kweli, bwana mdogo. Viwango vya mwongozo vya 2024 vilikuwa kama dola 314,000 kwa Awamu ya I na kama milioni 2.1 kwa Awamu ya II, na ya pili unaipata baada ya kufaulu ya kwanza. Hivyo ni vya juu. Ofisi nyingi hutoa chini ya hapo. Pia Wizara ya Ulinzi kwa kawaida hutoa mkataba, NSF hutoa ruzuku. Kwenye mkataba unadaiwa kazi uliyoiahidi, na hesabu zako zinaweza kukaguliwa hadi karatasi za saa za kazi za kila mfanyakazi. Tunza hizo karatasi tangu siku ya kwanza.

#22 MamaWaRoboti
Nimesoma wote. Naona hakuna aliyetaja waliofanikiwa, na wapo. Qualcomm ilianza 1985, na katika miaka yake ya mwanzo ilipata fedha za SBIR. iRobot, ile ya mashine za kufagia sakafu, ilikuwa kampuni ya watu wachache waliotoka chuo cha MIT, na fedha za ulinzi ziliibeba kabla haijawahi kuuza fagio lolote. Roboti yao ya PackBot iliingia kwenye mapango ya Afghanistan mwaka 2002 mahali pa askari. Kuna watu wako hai leo kwa sababu roboti ilitangulia. Mimi kila nikilifikiria hilo nasisimka.

Ila angalieni kilichoipitisha. Kulikuwa na vita. Hitaji likiwa la damu, kasma inapatikana, namba ya ugavi inapatikana, na kanali hahamishwi kabla hajamaliza. Kwangu mimi kinachokosekana ni haraka. Wakati wa amani hakuna anayepoteza usingizi kwa sababu ya kihisi cha gia.

#23 BaharianMstaafu
MamaWaRoboti, marubani wanapoteza usingizi kwa sababu ya gia, niamini. Wasio na usingizi ndio wasio na bajeti.

#24 SimbaMkia
Nimerudi. Hamjataja kampuni kubwa. Kifaa cha FundiMitambo kinafungwa kwenye helikopta ya nani? Ya mkandarasi mkuu. Huyo ndiye anaamua kinachoingia kwenye mfumo wake. Kwa nini akubali kipande ambacho haki za data zake ziko kwa kampuni ya watu tisa kwa miaka 20? Ulinzi ule ule mnaousifu kwenye #5 ndio unaomfanya akwepe. Ataunda chake, hata kama ni kibovu.

#25 KalamuNyekundu
SimbaMkia, hii ni hoja yenye uzito kuliko ile ya kunakili. Nimewahi kukaa kwenye mazungumzo ambapo mkandarasi mkuu aliomba haki zote kwanza, ndipo ataje bei. Mwenye kampuni alikataa, na mazungumzo yaliishia hapo. Hadi leo sijaamua kama alikosea.

#26 Mzee_wa_Maabara
Hakukosea. Hizo haki ndizo mali pekee aliyonayo.

#27 Bi_Hesabu
Na mishahara ya Ijumaa italipwa kwa hizo haki?

#28 Tochi_ya_Usiku
Tusisahau gharama ya usalama wa mifumo. Ukishika taarifa za ulinzi ambazo si za siri lakini zimezuiliwa, una masharti 110 ya kulinda kompyuta zako. Kuanzia Novemba 2025 matakwa ya CMMC, yaani uthibitisho wa usalama wa mifumo ya kompyuta, yameanza kuingizwa kwenye mikataba. Kampuni kubwa ina idara nzima ya kazi hiyo. Kampuni ya watu tisa ina kijana mmoja ambaye pia ndiye anayeendesha mashine ya kuchonga vyuma.

#29 DadaTakwimu
Na sheria yenyewe ya SBIR ilifikia ukomo Septemba 30, 2025, Bunge likashindwa kuihuisha kwa wakati. Wengine walitaka masharti makali kwa vinu, wengine walitaka mpango uwe wa kudumu bila kuubana. Ubishi wa #11 na #12, ila wenye kura. Kampuni zilizokuwa katikati ya Awamu ya I na II zikabaki kusubiri.

#30 Kijana_wa_Chuo
Swali la mwisho, wakubwa zangu. Mimi na mwenzangu tunataka kufungua kampuni. Yeye ni raia, mimi ni mkazi wa kudumu. Tunaruhusiwa?

#31 KalamuNyekundu
Mnaruhusiwa. Zaidi ya asilimia 50 imilikiwe na raia au wakazi wa kudumu, wafanyakazi wasizidi 500, kampuni iwe ya faida na iwe Marekani. Mtafiti mkuu ajira yake kuu iwe kwenye kampuni. Kama bado mko chuoni, angalieni mpango ndugu wa STTR: kampuni inafanya angalau asilimia 40 ya kazi na chuo angalau 30.

#32 MamaWaRoboti
Na kabla hujaandika hata mstari mmoja wa andiko, mtafute BaharianMstaafu wa kwako. Muulize kipuri kitaagizwaje.

#33 FundiMitambo
Nimesoma yote mara mbili. Asanteni sana, sikutegemea mengi hivi. Mkataba wetu wa Awamu ya II ulitolewa 2020, kwa hiyo haki za data bado zipo hadi 2040, na Awamu ya III inaruhusu ofisi yoyote ya serikali kununua kwetu moja kwa moja bila kushindanisha upya. Hilo nililijua kwa maneno tu, sikuwahi kulitumia.

Nimempigia mwenye kampuni jana usiku. Bado anavyo vifaa viwili. Tumekubaliana tuache ofisi za utafiti kwanza, tuwatafute wanaosimamia matengenezo, wale wenye fedha za uendeshaji. BaharianMstaafu, nimekutumia ujumbe kando. Nataka kujua fundi akitaka namba ya ugavi, fomu ya kwanza inaanzia meza ya nani.

#34 BaharianMstaafu
Nimeuona. Namba hiyo huombwa na serikali yenyewe, kampuni haijiombei. Inaanzia kwa yule anayesimamia matengenezo ya mfumo mzima wa helikopta hiyo. Tafuta nani anasimamia gia. Nitakuandikia kwa urefu leo jioni.